Hodi Langoni: Seva ya Mchezo Inamjuaje Anayestahili Kuingia?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mlezi wa chama alituonya mapema kwamba amechoshwa na insha za ajali ya basi na siku ya harusi. Alitaka kila mtu aandike juu ya jambo analolijua barabara, na alieleze hadi mtoto wa kidato cha kwanza alielewe. Nilijikuna kichwa prepu nzima. Mwishowe nikaona sina jambo ninalolijua barabara kuliko lile lililonikosanisha na rafiki yangu likizo ya Agosti, nikaja kugundua baadaye kwamba mkosaji nilikuwa mimi.

Tulikuwa sita. Tulijenga shule hii yetu ndani ya mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft. Kwa wasioujua, ni mchezo wa dunia iliyoundwa kwa vitalu vya mraba: unachimba, unabeba, unajenga chochote unachotaka. Ulianzia nchini Uswidi, toleo lake kamili la kwanza likatoka mwaka 2011, na mwaka 2014 kampuni ya Microsoft ikainunua kampuni ya Mojang iliyoutengeneza kwa dola bilioni 2.5. Hayo si matofali ya mchezo tena, ni pesa!

Unaweza kucheza peke yako. Lakini mkitaka kucheza wengi katika dunia moja, lazima pawe na kompyuta moja inayoitunza dunia hiyo na kuwapokea wachezaji wote. Hiyo ndiyo seva. Programu ya kuiendesha hupatikana bure kwa wenyewe, nasi tuliiweka kwenye kompyuta kuukuu ya kaka yangu, ambayo feni yake hulia kama posho mill. Kaka akafungua mlango kwenye rauta ya nyumbani ili wenzangu waweze kuingia wakiwa kwao. Mimi nikateuliwa msimamizi. Kuteuliwa ni neno tu. Kompyuta ilikuwa kwetu, nani angenipinga?

Kwa wiki tatu tulijenga. Jengo la utawala, bwalo, mabweni yote manne, hata ule mwembe ulio nyuma ya maabara. Asubuhi moja ya Jumapili nikafungua kompyuta kabla ya kwenda kanisani. Lahaula! Mahali pa bwalo palikuwa na shimo. Mabweni mawili yalikuwa yamelipuliwa kwa baruti, na mwembe ulikuwa ukiungua. Nilipigwa na butwaa. Nikafungua daftari la seva, yaani faili linaloandika nani kaingia na saa ngapi, nikakuta kwamba aliyeingia saa nane usiku ni Kipanga.

Kipanga ni jina la mchezoni la mwenzetu mmoja. Jina lake halisi nitaliacha. Nilimpigia simu nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyachapisha humu. Alisema alikuwa kwa nyanya yake, usiku huo hakugusa kompyuta. Nilimwambia jina lake limeandikwa wazi, atakanaje? Siku tisa hatukusemezana.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe, maana baada ya siku hizo tisa ndipo nilipoanza kuuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza kabla ya kupiga simu: seva inajuaje kwamba anayesema ni Kipanga ni Kipanga kweli?

Ngoja kwanza niondoe dhana moja. Tulipoanza, tulisema hatuhitaji ulinzi wowote kwa sababu hakuna anayeijua anwani yetu. Kila kompyuta kwenye intaneti ina anwani ya namba, na ndani ya anwani hiyo kuna milango mingi yenye namba pia. Seva ya Minecraft kwa kawaida husikiliza kwenye mlango namba 25565. Anwani za mtindo wa zamani ambao bado unatumika sana ni kama bilioni 4.3 hivi. Mtu akisikia bilioni 4 anadhani amejificha msituni. La hasha! Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani walitoa programu iitwayo ZMap, ambayo kwa kompyuta moja yenye mtandao wa kasi iliweza kubisha mlango mmoja katika anwani zote hizo kwa muda usiotimia saa moja. Saa moja, msomaji, hata kipindi cha kemia cha pamoja ni kirefu kuliko hapo. Kuna watu ambao kazi yao ni kuzunguka hivyo wakibisha mlango wa 25565, wakiandika wapi pameitika. Kwa hivyo kujificha si ulinzi. Utapatikana tu.

Ukishapatikana, seva isipoambiwa vingine humkaribisha kila mwenye akaunti hadi idadi ijae, na idadi ambayo programu huja nayo ni watu 20. Ili kuchagua wageni, msimamizi ana orodha mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Orodha ya kwanza ni ya waliopigwa marufuku. Fikiria soja wetu wa geti akipewa karatasi yenye majina ya wanafunzi waliosimamishwa masomo. Aliye kwenye karatasi harudi. Asiyekuwepo anapita, hata kama ni mwizi wa kuku ambaye hakuna anayemjua. Orodha hii humfaa mwenye seva kubwa iliyo wazi kwa umma. Ubaya wake ni kwamba mtu huandikwa baada ya kuvunja, si kabla.

Orodha ya pili ni ya walioruhusiwa. Hii ni kama siku ya wazazi ambapo soja ana majina ya wageni na asiyeandikwa anabaki nje, awe mwema awe mbaya. Kwenye Minecraft unaiwasha kwa kuandika neno true mbele ya mstari wa white-list katika faili la mipangilio, au msimamizi aandike amri moja tu seva ikiwa inaendelea. Halafu unaongeza majina. Asiyekuwepo akibisha, anapata ujumbe kwamba hayumo kwenye orodha, basi, anageuza.

Kuna vijimambo viwili hapa vinavyowashika wengi. Kwanza, kufuta jina la mtu hakumtoi ikiwa tayari yumo ndani. Ataendelea kucheza hadi atoke mwenyewe, isipokuwa kama umewasha pia mstari mwingine uitwao enforce-whitelist, ambao huwatimua waliomo wasioandikwa. Pili, waliopewa cheo cha usimamizi hupita hata kama hawamo kwenye orodha. Ukimfuta mtu orodhani ukasahau kumvua cheo, umefunga mlango ukamwachia ufunguo.

Sasa sikiliza ajabu. Orodha ya walioruhusiwa sisi tulikuwa nayo! Majina sita, hakuna la saba. Niliiwasha mimi mwenyewe siku ya kwanza, nikatembea kifua mbele kama kiranja mpya. Na bado mtu aliingia.

Shida ilikuwa kwenye mstari mwingine wa faili lile lile, unaoitwa online-mode. Huu ndio moyo wa habari yote, kwa hivyo nitaueleza polepole.

Mstari huo ukiwa umewashwa, na programu huja ukiwa umewashwa, seva haimwamini mtu kwa kusema jina lake tu. Tuseme mwanafunzi amefika getini usiku akisema, "Mimi ni fulani, nimetoka hospitalini, mwalimu wa zamu ananijua." Soja mwerevu hamwulizi maswali mengi. Anapiga simu ofisini. Hivyo ndivyo seva inavyofanya. Programu ya mchezaji, ambayo imekwisha kuingia kwenye akaunti yake kwa neno la siri, huiarifu seva kuu ya wenye mchezo kwamba inakwenda kuingia seva fulani, ikitoa alama iliyotengenezwa kwa safari hiyo moja peke yake. Kisha seva yetu nayo huiuliza seva kuu ile: je, mwenye jina hili amekuarifu kwamba anakuja kwangu, kwa alama hii? Ikijibiwa ndiyo, anapita mlango wa kwanza, ndipo orodha iangaliwe. Angalia uzuri wake: neno la siri la mchezaji halifiki kwetu kabisa. Hata msimamizi akiwa mkora hawezi kuliiba, maana halioni.

Jibu linaporudi huja na namba ndefu ya akaunti, tarakimu na herufi 32, ambayo haibadiliki. Orodha za siku hizi hutunza namba hiyo pamoja na jina. Zamani zilitunza jina tu, lakini kuanzia Februari 2015 wachezaji waliruhusiwa kubadili majina yao, na bila namba mtu angebadili jina leo akapoteza nafasi yake kesho, au mwingine akalichukua jina lililoachwa na kuingia nalo. Ni kama namba ya usajili shuleni. Akina Otieno tuko nao wanne, lakini namba ni moja moja.

Mstari huo ukizimwa, simu ya ofisini haipigwi. Anayesema ni Kipanga anaandikwa Kipanga. Hata ile namba ndefu inakuwa haina maana, kwa sababu seva huitengeneza yenyewe kutokana na herufi za jina. Jina lile lile, namba ile ile, awe nani anayebisha. Orodha yangu ya majina sita ilikuwa karatasi nzuri mkononi mwa soja kipofu.

Utauliza, huyo mgeni alijuaje kwamba kuna Kipanga? Tulimwambia wenyewe. Seva ya Minecraft ikibishwa tu, kabla mtu hajaingia, hujibu kwa kutaja idadi ya walio ndani na baadhi ya majina yao. Kuna mstari wa kuficha majina hayo lakini hatukuugusa. Aliyetubisha jioni fulani tukiwa tunajenga aliyapata majina bure, akarudi saa nane usiku tukiwa tumelala, akachagua moja. Na mimi kwa ukarimu wangu nilikuwa nimewapa wote sita cheo cha juu kabisa cha usimamizi, cha nne kati ya vinne, ili mtu asinisumbue kuomba ruhusa. Mwenye cheo hicho anaweza hata kuizima seva. Kwa hivyo mgeni hakuvaa jina la Kipanga tu, alipata na funguo zake.

Najua mwalimu anayesoma hapa anauliza: kwa nini basi mliuzima mstari huo? Hapa ndipo penye uzito, wala sitaki kulipamba. Akaunti ya Minecraft ya kompyuta huuzwa karibu dola 30. Wanne kati yetu walikuwa nayo. Wawili hawakuwa nayo, na nyumbani kwao dola 30 si jambo la kuzungumzia mezani. Ukiuzima mstari ule, asiye na akaunti anaweza kuingia na programu ambayo haikununuliwa. Hilo ni kinyume cha masharti ya wenye mchezo, na nilijua. Nilifanya hivyo kwa sababu nisingeweza kuwaambia wawili wale kwamba hii shule yetu ya vitalu ina karo. Hata leo nikiulizwa kama nilikosea kwa kuwataka waingie, nasema hapana. Kosa langu ni kwamba nilipouondoa uhakiki nilidhani orodha itabaki na nguvu zake, na zaidi ya hapo, nilimhukumu mtu kwa ushahidi wa jina ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelifanya lisiwe ushahidi.

Kabla sijaelewa haya niliongeza kosa juu ya kosa. Siku ile ya Jumapili nilichukua anwani aliyotumia mvamizi, ambayo daftari la seva huiandika, nikaipiga marufuku. Nilijiona Inspekta. Alhamisi yake mmoja wetu, anayetumia bando za simu, akaniuliza mbona amefungiwa. Kumbe mitandao ya simu huwa na wateja wengi kuliko anwani, kwa hivyo watu wengi kwa wakati mmoja hutoka nje kwa anwani moja, tena hiyo hubadilika. Kufungia anwani ni sawa na mwalimu kuadhibu bweni zima kwa kosa la kitanda kimoja, ilhali mwenye kosa amekwisha kuhamia bweni lingine. Wakati mwingine inasaidia kwa saa chache. Si zaidi.

Nisije nikakupa picha kwamba lango likiwa zuri mambo yote yamekwisha. Mwaka 2016 kulitokea programu haribifu iitwayo Mirai, iliyoteka kamera za ulinzi na rauta kwa maelfu na kuzifanya zibishe mlango mmoja zote kwa pamoja. Vijana watatu wa Marekani walikiri mahakamani mwaka 2017 kwamba ndio walioiunda, na miongoni mwa walengwa wao wa mwanzo zilikuwa seva za Minecraft, kwa kuwa ni biashara yenye pesa na ushindani. Hao hawakuhitaji kuwa kwenye orodha yoyote. Walijazana tu getini hadi wageni halali wakashindwa kupita. Na Desemba 2021 ikagundulika kwamba kipande cha programu kiitwacho Log4j, kilichotumiwa na Minecraft na mashirika mengi duniani, kilikuwa na kasoro ya ajabu: mtu akiandika maneno fulani kwenye gumzo la mchezo, angeweza kuifanya kompyuta ya seva itende analotaka yeye. Ilirekebishwa mwezi huo huo katika toleo la 1.18.1. Aliyekuwa na seva wazi bila kusasisha programu alikuwa hachezi na vitalu tena, alikuwa anachezea kompyuta ya nyumbani yenye picha za harusi ya wazazi.

Swali hili la nani aingie si geni, kwa taarifa yako. Mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuunda mchezo wa maandishi uitwao MUD, akauendeleza mwenzake Richard Bartle. Watu wa nje walipoanza kuuingia kupitia simu, walikubaliwa usiku wa manane, wakati kompyuta ya chuo haikuwa na kazi. Lango lao lilikuwa saa ya ukutani. Nimewahi kumweleza soja wetu habari hii, akasema hao Wazungu walikuwa na akili.

Turudi nyumbani. Siku ya kumi nilikwenda kwa kina Kipanga kwa miguu. Nilimkuta amerudi kutoka kwa nyanya yake, akinyolewa nje ya nyumba, kwa hivyo ilimbidi anisikilize. Nilimweleza yote niliyoyaandika hapa, na ili aamini nilimwazima simu yake, nikaingia kwenye seva kwa jina lake, mbele ya macho yake, kwa nusu dakika. Alinyamaza, halafu akacheka, halafu akakasirika upya. Nilistahili.

Tukaketi sote sita kuamua. Njia tatu zilikuwepo. Tungewasha uhakiki na kuwaacha wawili nje. Tungefunga mlango wa rauta, tuwe tunachezea nyumbani kwetu tu kwenye mtandao wa ndani, ambapo mgeni wa nje hafiki hata akibisha mwaka mzima. Lakini mmoja wetu anakaa Athi River na nauli ni nauli, na wale wawili wangebaki na programu ambayo haikununuliwa. Ya tatu ilitoka kwa mmoja wa hao wawili: tuhame. Kuna jukwaa la michezo ya vitalu liitwalo Luanti, zamani likiitwa Minetest hadi lilipobadilishwa jina mwaka 2024. Ni la bure kwa halali, si kwa wizi. Halina ofisi kuu ya kupigiwa simu. Kila seva hutunza majina na maneno ya siri yake yenyewe, na neno la siri halisafirishwi wazi njiani. Aidha, mgeni anaweza kupewa ruhusa ya kutembea na kuzungumza tu, bila kugusa hata kitalu kimoja, mpaka aaminiwe.

Ina udhaifu wake. Anayetangulia kulisajili jina ndiye mwenye jina, na isipokatazwa, seva hukubali hata neno la siri tupu. Kwa hivyo tulikutana sebuleni kwetu, mlango wa rauta ukiwa umefungwa, kila mtu akasajili jina lake kwa kificho, tukakataza maneno ya siri matupu, tukaondoa ruhusa ya kujenga kwa kila jina jipya, ndipo kaka akafungua mlango. Mama alidhani tunapiga kura.

Hasara yake ni kwamba shule yetu ya kwanza haikuhamishika. Kaka alikuwa na nakala ya dunia ile ya wiki ya pili, lakini Luanti haiisomi. Wawili kati ya wanne wenye akaunti walinung'unika sana, na siwalaumu. Tumeanza upya kutoka msingi. Hadi shule zilipofunguliwa bwalo lilikuwa limefika madirishani, mwembe bado haujapandwa, na katika sisi sita ni mmoja tu mwenye uwezo wa kumpa mgeni ruhusa ya kujenga. Tulimchagua Kipanga. Mimi nilipotaka kuongeza jina la binamu yangu, alinijibu kwamba atampigia simu binamu mwenyewe kwanza.